Nyanya hana simu, hatajua

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa upigaji picha katika chuo kimoja cha ufundi hapa Mombasa. Nina miaka 34, nina mume na watoto wawili, twakaa Tudor. Jumatatu hadi Ijumaa adhuhuri niko darasani. Wikendi napiga picha za harusi, na kwa kuwa ni mwanamke, kazi yangu kubwa ni kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumpamba bi harusi. Wewe wajua kupamba kulivyo kwetu: wanaume hawaingii, simu zinakusanywa mlangoni, na kamera inayoruhusiwa ni ya mpiga picha peke yake. Naaminiwa, Shangazi. Kuna nyumba moja Kibokoni nimewapiga picha mabinti wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na picha zao hazijawahi kutoka kwangu kwenda kwa mtu asiyehusika.

Siku zangu zimejaa. Alfajiri watoto, chai, halafu tuktuk hadi chuoni. Nina wanafunzi 26 na kamera 5. Mbili kati ya hizo zimeingia ukungu ndani ya lenzi, zile nyuzi nyeupe zinazoota kwa sababu ya unyevunyevu wa huku kwetu, na picha zake zote hutoka kama mtu anayetazama kupitia chandarua. Nazitumia hivyo hivyo. Jioni nasahihisha kazi za wanafunzi, usiku nakaa na picha za harusi za watu mpaka macho yanauma.

Mwezi jana nilikuwa nikifundisha kipimo cha mwanga. Nilimsimamisha kijana aliyevaa kanzu nyeupe na msichana mwenye buibui, bega kwa bega ukutani, nikawaambia wenzao wapige huku kamera ikijiamulia yenyewe. Walipoielekeza kwenye kanzu, kanzu ikatoka kijivu kama imefuliwa pamoja na nguo za rangi. Walipoielekeza kwenye buibui, buibui nayo ikatoka kijivu na nyuso zikaungua kwa mwanga. Nikawaeleza kwamba kamera haijui kanzu ni nini wala buibui ni nini. Yenyewe hudhani kila iletewacho ni kijivu cha wastani, na mpiga picha ndiye anayejua lipi jeupe na lipi jeusi, ndiye anayeiongezea mwanga au kuipunguzia. Somo lilinoga. Mwishoni yule msichana wa buibui akaniuliza, kwa adabu zake zote: "Mwalimu, na picha zako wewe tutaziona wapi?"

Nilikosa jibu. Usiku nikafungua kompyuta. Nina picha zaidi ya 40,000, na zilizo nzuri zaidi siwezi kumwonyesha mtu. Ninazoweza kuonyesha ni za mahafali, za vitambulisho, na za biriani ya hoteli moja iliyotaka kubadilisha menyu. Kabla ya kuolewa nilikuwa nikizunguka Mji wa Kale na kamera ya filamu niliyorithi kwa mjomba, naosha picha mwenyewe bafuni usiku, dirisha nimeliziba kwa blanketi. Picha ya mwisho niliyopiga kwa ajili yangu mwenyewe, bila kuagizwa na mtu, ni ya miaka mitatu iliyopita.

Sasa nije kwenye kiini. Katika kupamba kwa yule binti wa tatu wa Kibokoni, nilitoka ukumbini kidogo nikapita uani. Nyanya ya bi harusi alikuwa amekaa kwenye mkeka peke yake, anatunga vikuba, vile vishada vya maua. Mtandio umemwangukia mabegani, nywele zake nyeupe ziko wazi, vidole vina hina mpya. Miwani ameivua ameiweka kwenye sinia, kando ya asumini. Mwanga ulikuwa unaingia kutoka juu, uani, ukapiga ukutani na kumrudia usoni. Akaniona, akacheka, na meno yake mawili ya mbele hayapo. Nikapiga moja tu. Shangazi, miaka yote niliyoshika kamera sijapiga picha kama ile.

Wiki mbili zilizopita nimealikwa kupeleka picha kwenye maonyesho Nairobi. Wanataka picha kumi, siku ya mwisho ni mwisho wa mwezi huu. Bila ile ya nyanya sina kitu cha kupeleka. Nikampigia dada wa bi harusi, akanijibu kwa wepesi: "Peleka tu. Nyanya hana simu, hatajua." Tangu siku hiyo silali vizuri. Mara nasema nipeleke, mara nasema nikate picha uso usionekane, zibaki nywele na mikono. Mara nasema niache yote nibaki kufundisha vitufe vya kamera, maana huenda hicho ndicho nilichobaki kuwa.

Nishauri kama mwanao.

Mwalimu wa Tudor

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale pale: "Nyanya hana simu, hatajua." Naona na wewe umesimama hapo hapo, ndiyo maana hulali. Kama moyo wako ungekuwa umeridhika na jibu lile, picha ingekuwa imeshafika Nairobi na barua hii usingeiandika.

Atajua. Maonyesho hayakai ndani ya kuta nne siku hizi. Picha nzuri kuliko zote ndiyo inayowekwa kwenye tangazo, na tangazo huingia kwenye simu. Alasiri moja haipiti, imeshafika kwa mpwa wake aliye Muscat, na kutoka kwa mpwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mzima. Wa mwisho kuiona atakuwa yeye, na ataonyeshwa na mgeni aliyekuja kumjulia hali, mbele ya watu, kwenye simu ya mtu mwingine, nywele zake wazi. Bibi wa umri ule amejistiri tangu utotoni. Sitaki siku hiyo imkute, na sitaki jina lako liwe chini ya picha hiyo.

Tazama tena alivyocheka. Alicheka vile kwa sababu mle ndani hamkuwa na mwanamume na kwa sababu wewe alikuona umeingia kwake mara tatu kwa harusi tatu na hakuna lililoharibika. Amani ile unayoiona usoni mwake imetokana na mlango uliofungwa. Ukiutumia uso ule kuufungua mlango wenyewe, hutaingia tena uani kwa mtu yeyote Kibokoni, wala Kuze, wala popote panapopambwa. Na hata kama ungeingia, mwanangu, usingechekewa tena hivyo.

Kuna sheria pia, na wapiga picha wengi wa hapa hawaijui. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Yaani ile familia ilipokulipa kupiga picha za kupamba, na kama hamkuandikiana lolote, picha za siku ile kisheria ni zao, hata hiyo ya uani. Sijui mliandikiana nini. Kama hakuna karatasi, kuanzia harusi ijayo iwepo, ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: nani mwenye picha, wewe unabaki na nakala zipi, na kwa ruhusa ya nani. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo sura ya mtu anayetambulika inaihesabu kuwa ni taarifa yake binafsi. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nakwambia haya uyajue kwa kazi yako, na uwafundishe wale 26 kabla hawajaanza kupokea pesa za watu. Lakini hata sheria isingekuwepo, jibu langu lingekuwa hili hili.

Umeuliza habari ya kukata uso. Usikate. Picha uliyonieleza nguvu yake iko katika mwanga kutoka ukutani kumrudia usoni. Ukiondoa uso, unabakiwa na picha ya mikono yenye hina, na mikono yenye hina kila duka la kadi za harusi linayo. Na usidhani utakuwa umemficha. Mombasa mtu hujulikana kwa pete yake, kwa mkeka wake, kwa ukuta wa ua wake. Wanawake wa mtaa ule wataitambua ile sinia kabla hawajamaliza kutazama. Utakuwa umeiharibu picha na siri umeitoa, vyote viwili.

Nikwambie jambo la nyumbani kwetu. Mama yangu alipigwa picha moja tu ya kichwa wazi maishani mwake, katika studio moja ya mjini, mwaka 1968, ameketi kitini, nywele amezisuka na shingoni ana mkufu wa kuazima. Picha ile aliifunga kwa leso akaiweka sandukuni, chini ya kanga zake mpya. Wakija wageni wanawake, kahawa ikishanywewa na watoto wakishatolewa nje, sanduku lilifunguliwa. Picha ilipita mkono kwa mkono, kila mtu anaishika kwa ncha za vidole pembeni asiache alama, na kila mmoja alikuwa na la kusema: hapa ulikuwa mwembamba, huu mkufu si wa fulani, hebu tazama macho ya mtoto wako wa pili yalivyo haya haya. Ami zangu wote walikufa hawajaiona. Lakini wanawake walioiona sijui kama wanahesabika, na waliitazama kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyotazama picha kwenye simu leo. Tulipomzika mama, picha ile ndiyo mimi na dada zangu tuliyoitafuta kwanza.

Nayakumbuka haya kwa sababu umeandika kwamba una picha 40,000 na zilizo nzuri huwezi kumwonyesha mtu. Unaweza. Unazihesabu kana kwamba kuonyesha ni ukumbi wa Nairobi pekee, watu wapite na glasi za sharubati mkononi. Hapa kwetu picha za wanawake zimekuwa na ukumbi wake siku zote: chumba, mkeka, wanawake, na mlango umefungwa. Umeshaingia kwenye vyumba hivyo na kamera. Ingia sasa na picha.

Kwa hiyo fanya hivi. Picha ya nyanya ichapishe. Usiipeleke kwenye simu, na usiitume kwa yule dada. Ichapishe kubwa kiasi, inchi 8 kwa 12, kwenye karatasi isiyong'aa, maana ya kung'aa mzee akiishika karibu na dirisha ataona dirisha badala ya sura yake. Kwenye duka la kuchapishia simama hapo hapo mpaka itoke, na mwenye duka aifute mbele yako. Kama kuna mwanamke anayechapisha, mpe yeye. Itie kwenye bahasha ngumu, uende baada ya alasiri siku isiyo na shughuli, bila kamera. Kamera ikiwa begani atadhani umekuja kazini, na mtu akidhani uko kazini hukupa jibu la kazini.

Chukua kitu mkononi, halua au sukari, wewe wajua adabu za kwenda kwa mtu. Usianze na maonyesho. Mpe picha aitazame. Picha hiyo ni yake iwe amekubali au amekataa, na hilo umwambie mapema, asidhani ni rushwa. Kisha mweleze wazi: kuna ukumbi Nairobi, wataingia wanaume, itaweza kuwekwa kwenye simu na kwenye magazeti, na ikishatoka hairudi. Mtajie mabaya yote kwa majina yake. Ruhusa ya mtu ambaye hakuelezwa jambo lote haina uzito.

Akikataa, umekatazwa. Usimwombe mara ya pili wala usimtume mjukuu akamwombee. Akisema waione wanawake tu, hilo nalo ni jibu kubwa, na nitalirudia hapa chini. Akikubali kabisa, mwombe akubali mbele ya binti yake, muandike, na uende tena baada ya siku tatu kumuuliza upya. Watu wazima wetu wana huruma, mara nyingine wanasema ndiyo ili mgeni asione haya.

Na kama mwezi utaisha hujapata jibu, acha uishe. Nasema hivi nikijua nakuumiza. Maonyesho yale yatakuwa tena, au yatakuwa mengine.

Sasa lile swali la msichana wa buibui, ambalo nadhani ndilo limekuchoma kuliko la nyanya. Umesema huenda umebaki mwalimu wa vitufe. Hilo sikubaliani nalo. Mtu wa vitufe angewaambia wanafunzi wazungushe hiki kuelekea hapa. Wewe umechukua kanzu na buibui, nguo wanazoziona kila Ijumaa maisha yao yote, ukawaonyesha kwamba mashine haizijui na wao wanazijua. Somo hilo limetoka kwa mtu anayeona. Ulichopoteza ni muda wa kuona bila kulipwa, na huo ndio tuutafute.

Wako wenzako waliotangulia. Samuel Fosso alifungua studio yake ya picha mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mchana kutwa alipiga picha za wateja: vitambulisho, familia, wachumba. Jioni, filamu ikibakiwa na nafasi chache ambazo hazikutumika, hakutaka zipotee, akafunga mlango, akavaa nguo za fahari, akajipiga mwenyewe. Picha nyingine alizipeleka Nigeria kwa jamaa zake, waone kwamba yu hai na mzima. Zilikaa miaka bila kujulikana, mpaka mwaka 1994 zilipoonyeshwa Bamako, Mali, na dunia ikamjua kwa picha zile za masalio ya filamu. Na hapa karibu, Lamu, alikuwako Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993. Studio yake ilikuwa ya wateja kama studio yoyote, lakini alikata picha na kuziunganisha upya mpaka zikawa kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kukiona. Hapa Mombasa penyewe Parekh, naye mwenye studio, alipiga wateja wake kwa uangalifu mkubwa hata leo wasomi wanaziandikia picha zile, na wale walikuwa watu walioingia kwa miguu yao wakataka kupendeza. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyesubiri aache kazi ya wateja kwanza.

Ila kamera zenu za siku hizi hazina mwisho wa filamu. Memori kadi haijai upesi, kwa hiyo hakuna masalio, na kisicho na masalio hakikuachii chako. Inabidi ujiwekee wewe mwenyewe. Ijumaa unatoka chuoni adhuhuri. Mwambie mumeo kwamba kila Ijumaa, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, una kazi, na umwambie kwa sauti ile ile unayomwambia kwamba una harusi. Harusi ya mtu hakuulizi kama ni lazima. Hii nayo asiulize. Watoto atakaa nao. Saa mbili hazivunji nyumba.

Nenda Mji wa Kale, mahali pamoja, baraza moja, mbele ya ukuta mmoja uliopakwa chokaa. Rudi hapo hapo kila wiki. Wewe ni mwalimu, huhitaji nikufundishe mwanga, lakini umeueleza mwenyewe kwenye barua pengine bila kujua: uani kwa nyanya mwanga ulishuka kutoka juu, ukapiga ukutani, ukamrudia. Vichochoro vya Mji wa Kale alasiri ni ua mmoja mrefu. Jua limeshatoka utosini, halichimbi tena mashimo machoni mwa watu kama la saa sita. Linapiga ukuta wa juu upande mmoja, na chini barazani watu wamekaa kivulini na nyuso zao zinawaka polepole. Jichagulie idadi, picha 12 kama filamu za zamani za mraba, na ya 12 ikishapigwa kamera ifungwe hata kama malaika anapita. Keti na watu. Wiki ya kwanza na ya pili pengine usipige hata moja. Wauza kahawa wakuzoee, watoto wachoke kukutolea vidole viwili mbele ya lenzi. Ukipiga mtu, wiki ijayo mletee yake iliyochapishwa. Utashangaa ruhusa inavyokuja mtu akishaona kwamba picha zako hurudi.

Na wanafunzi wako: kila zoezi unalowapa, lifanye na wewe. Ukiwaambia walete picha tatu za kivuli Jumatatu, lete tatu zako, uzibandike ukutani katikati ya zao bila jina, wazikosoe. Watakuumiza kidogo. Msichana yule atakuwa amejibiwa bila wewe kusema neno, na kila Jumatatu atajibiwa tena. Ile kamera ya mjomba nayo ichukue siku moja darasani, hata kama huna tena dawa za kuoshea. Wafungulie mgongo wake waone filamu inapita wapi. Na lenzi zako mbili zenye ukungu, zitenge na zile nzima, uziweke juani kidogo asubuhi na kisha kwenye kopo linalofungika pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Ukungu ulioota hautatoka hivyo, huo unataka fundi wa kufungua lenzi, lakini hautazidi na kamera nzima zitapona.

Nimeahidi kurudi kwenye wanawake tu. Kama nyanya atasema hivyo, basi usiione kama nusu ya ndiyo. Chukua picha yake iwe ya kwanza. Kisha pitia zile 40,000 polepole, usiku mmoja mia, usitafute bi harusi wala mapambo. Tafuta kile ulichokiona uani, mtu aliyejisahau kwa sababu yuko salama. Naamini utapata ishirini. Kwa kila moja nenda kwa mwenyewe kama utakavyokwenda kwa nyanya, na atakayekataa mwachie picha yake uondoke. Zitakazobaki ziweke kwenye albamu moja ya karatasi nzuri, moja tu, isiyo na nakala kwenye simu. Alika wanawake nyumbani, alasiri, simu kikapuni mlangoni kama kwenye kupamba, kahawa na visheti, albamu ipite mkono kwa mkono. Wahusika wenyewe wawe wageni wa heshima, wakae karibu na picha zao waseme wanavyotaka. Mwalike na mwanafunzi wako wa buibui. Hayo ni maonyesho, mwanangu, tena ya aina ambayo Nairobi hawawezi kuyafanya hata wakitaka, na siku watakapokuuliza unafanya nini utakuwa na la kuwaeleza ingawa huna la kuwatumia.

Nikiishi nikaalikwa, nitakuja na picha ya mama.

Lakini kwanza nenda Kibokoni. Mpe bahasha aifungue mwenyewe. Ataitazama kwa karibu, kisha kwa mbali, na huenda akakaa kimya muda mrefu. Usimwahi kwa maneno. Mtafutie miwani yake.